Jina kwa Wino Mwekundu

Banda, Kampala
3 Machi 2025

Akech,

Barua yako ya tarehe 9 Februari nimeipokea. Ninakurudishia pamoja na hii, ikiwa imesahihishwa. Makosa ni kumi na moja. Miaka saba ya kukaa Japani si ruhusa ya kuandika ovyo.

Umejaza kurasa tatu ukieleza huzuni yako. Huzuni haihitaji kurasa tatu. Mwenye huzuni hupanda ndege. Jumatano, tarehe 22 Januari, nilikupigia simu, mimi nisiyependa simu, nikakuambia kwamba mama yako amefariki. Jumamosi tulimzika nyumbani Kenya, Ugunja. Jumapili wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umeketi katika chumba cha mtihani na penseli zako zimechongwa, ukijibu maswali ya namna ya kumwosha mgongo mzee wa Kijapani. Mama yako aliyekuzaa aliogeshwa na dada yako na wanawake wa jirani. Mkono wako haukuwamo.

Sasa sikiliza. Jiwe la kaburi linatengenezwa na fundi Emile, Mkongo mwenye karakana Nateete, nyuma ya soko. Litapelekwa Ugunja na kusimamishwa Jumamosi ya tarehe 20 Desemba. Juu yake patachongwa jina la Docus Ayoo, mke wangu kwa miaka arobaini na mmoja, na chini yake majina ya watoto aliowaacha. Obonyo atakuwapo. Ajwang atakuwapo. Jina la tatu halitachongwa.

Umeona kwamba jina lako juu ya bahasha nimeliandika kwa wino mwekundu. Ulikaa katika darasa langu miaka miwili, kwa hiyo huhitaji kuelezwa. Katika rejista, aliyepo huandikwa kwa wino wa buluu. Asiyekuwepo huandikwa kwa mwekundu.

Mwl. J. Ondiek


Kitakyushu
29 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Hii nayo isahihishe ukitaka. Sitaisoma tena kabla ya kuifunga.

Bahasha yako ilipokewa na Bibi Tanabe, mwenye nyumba ninayopanga. Ana miaka themanini na mmoja na anaishi chini yangu. Alipanda ngazi akiwa ameishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Akaniuliza, "Akechi-san, ni nani anayetaka ufe?"

Nikamwambia, "Ni barua ya baba yangu."

"Baba yako mzazi?"

Hapa, Baba, jina la mtu haliandikwi kwa wino mwekundu. Kumwandikia mtu hivyo ni kumwambia kwamba mmekatana, au kwamba unamtakia kaburi.  Bibi Tanabe alishuka, akarudi na kisahani cha chumvi, akakiweka mlangoni pangu kuzuia mkosi. Kimekaa pale wiki nzima. Nimekiruka kila asubuhi nikienda kazini, na kila asubuhi nimekasirika upya.

Unaniuliza nilikuwa wapi Jumapili. Ulipiga simu Jumatano jioni kwenu, hapa ikiwa ni Alhamisi alfajiri. Ukasema, "Mama yako amefariki. Tunazika Jumamosi." Sekunde arobaini, kisha ukakata. Nilikwenda kwa msimamizi wangu kabla hajavua koti. Nilipewa siku tano za msiba. Ndege ya kwanza yenye nafasi ingenifikisha Nairobi Jumapili mchana, na Ugunja usiku, mama yangu akiwa tayari chini ya udongo. Nilikaa juu ya sanduku langu lililofungwa, nikajiuliza wewe ungesema nini. Unajua nilisikia nini? Nilikusikia ukisema mbele ya darasa zima, siku Obonyo alipotaka kukosa mtihani kwa sababu ya jino: "Mtihani haungoji mtu." Basi nikaenda. Nilijibu maswali mia moja na ishirini na tano nikiwa sioni karatasi vizuri.

Matokeo yametoka Jumatatu. Nimefaulu. Katika kituo chetu cha kutunzia wazee tulikuwa wageni sita, tumefaulu wawili.

Jambo moja sijalielewa. Kwetu nani huzikwa baada ya siku tatu? Shangazi alikaa wiki mbili tukingoja watu wa Mombasa. Mbona Mama hamkuweza kuningojea hata siku moja zaidi?

Ninaomba kitu kimoja tu. Jina langu liwe juu ya jiwe. Na unitumie maneno yote yatakayochongwa, niyasome.

Akech


Banda, Kampala
28 Aprili 2025

Akech,

Makosa ni manne. Umeendelea.

Mwambie huyo bibi kwamba wino hauui. Kama ungekuwa unaua, nusu ya watu wazima wa Kyambogo na Banda wangekuwa makaburini, maana majina yao yote yamepita chini ya kalamu yangu. Mwambie pia kwamba jina lako halina "i" mwishoni. Na hiyo chumvi aitie kwenye chakula.

Kuhusu mazishi: marehemu hapaswi kucheleweshwa. Hilo limekwisha, na usiliulize tena.

Maneno ya jiwe sitakutumia. Maneno ya jiwe ni ya waliopo. Yamepigwa chapa Wandegeya wiki iliyopita, kwa mwanamke aitwaye Maimunah, ambaye alinitaka nithibitishe kila tarehe kwa sahihi yangu kana kwamba mimi ni mwanafunzi. Fundi Emile naye ana maneno mengi. Aliniambia, "Mwalimu, Bwana Obonyo alinipigia simu, alisema watoto ni watatu. Sasa hapa minaona wawili. Ule mwingine tutamuweka ao hapana?" Nikamwambia achonge alichoandikiwa. Akaguna. Watu wa Bukavu wana miguno mirefu.

Kufaulu kwako nimekusoma. Ulifundishwa kufaulu. Lakini nieleze jambo hili, wewe uliye na cheti cha taifa. Mimi nina miaka sabini na minne. Ninajichemshia chai. Juzi Nabangala, jirani yangu, alinikuta nimeketi chini bafuni, akanipa mkono, akacheka: "Mzee, mutoto yako naosha bazee ba Japani, wewe nani naosha?" Kiswahili chake ni cha kusikitisha, lakini swali lake halikuwa na kosa lolote.

Mwl. J. Ondiek


Kitakyushu
2 Juni 2025

Baba,

Ulianguka? Uliandika "nimeketi chini" ili nisielewe, lakini kazi yangu ni wazee, Baba, na wazee hawaketi chini bafuni kwa hiari. Nimemwandikia Ajwang aje akuone. Utamkasirikia. Mkasirikie.

Swali la Nabangala linaniuma. Lakini ngoja nikueleze jinsi siku yangu inavyokwenda huku, maana unazungumza kana kwamba nimekaa kwenye sherehe.

Jumatatu iliyopita, polisi yule yule alinisimamisha kwenye daraja lile lile kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja, aangalie namba ya baiskeli kama ni yangu kweli. Ni mpole sana. Anainama. Anashukuru kwa ushirikiano. Watu kumi na watano walipita na baiskeli zao, akawaacha wote. Nilipomwambia, "Ulinikagua wiki iliyopita," alitabasamu akasema Kijapani changu ni kizuri sana. Hunisifu hivyo kila mara, kama mtu anayemsifu kasuku.

Jumatano, mtu aliweka taka siku isiyo yake, katika mfuko usio wa manispaa. Hapa hilo ni kosa kubwa kuliko unavyodhani. Kabla ya saa tatu asubuhi, watu wawili wa kamati ya mtaa walikuwa mlangoni pangu na mfuko ule. Sikubishana. Niliufungua mbele yao, pale ngazini, nikatoa kimoja kimoja: magazeti, makopo ya bia, risiti ya duka la vifaa vya uvuvi. Mimi sijashika ndoana tangu nizaliwe. Waliangalia viatu vyao. Mmoja akasema, "Samahani. Ni vigumu kujua." Bibi Tanabe alikuwa amesimama chini na fagio lake. Akamjibu, "Si vigumu. Ungeuliza kwanza nyumba ya mvuvi." Hao jamaa walishuka ngazi mbio.

Kwenye treni kiti cha pembeni yangu ndicho hujazwa cha mwisho. Nimezoea kuweka mkoba hapo. Siku nyingine naweka, siku nyingine nakiacha wazi kwa ukaidi.

Silalamiki. Nimechagua. Lakini elewa kwa nini nataka jina langu lichongwe. Huku, hata nikikaa miaka hamsini, nitakuwa yule mgeni wa ghorofa ya juu. Nilikuwa navumilia kwa sababu ninajua kuna mahali ambapo siulizwi namba ya baiskeli. Sasa wewe umeniondoa huko pia. Basi nionyeshe, Mwalimu, mimi niko kwenye rejista ipi?

Tiketi nimekata. Nitafika tarehe 17 Desemba. Nitasimama mbele ya jiwe la mama yangu, liwe na jina langu au lisiwe nalo, nami nitalisoma kila neno.

Akech


Banda, Kampala
30 Juni 2025

Akech,

Usije.

Hakuna utakachokifanya ambacho hakikufanywa na waliokuwapo. Ukija, sitakupokea Kampala wala Ugunja. Jiwe litasimamishwa bila wewe. Rudisha tiketi.

Bahasha nimeiandika kwa wino ule ule, na safari hii na huyo bibi aelewe anavyotaka.

Mwl. J. Ondiek


Kitakyushu
20 Agosti 2025

Baba,

Nilikaa na barua yako wiki tano bila kukujibu. Nilitaka kuijibu kwa neno moja, "Nitakuja," kwa wino mwekundu, jina lako juu. Kalamu niliinunua. Bibi Tanabe aliikuta mezani, akaitia mfukoni mwa aproni yake bila kuomba.

Katikati ya Agosti watu wa hapa huwapokea wafu wao. Kwa siku tatu nne familia hukusanyika, na makaburi huoshwa. Watoto wa Bibi Tanabe wako Tokyo, na mwaka huu hawakuja. Aligonga mlango wangu saa kumi na mbili asubuhi na ndoo na brashi. "Magoti yangu yamekataa," akasema. "Wewe una cheti cha kuosha wazee. Njoo uoshe mmoja aliyetulia."

Kaburi liko mlimani. Nilipanda na ndoo mbili, yeye akifuata na fimbo. Nilisugua jiwe la mume wake kuanzia juu, nikatoa kuvu kwenye maandishi kwa mswaki. Kisha nikasimama. Kando ya jina la mume kulikuwa na jina la pili, limechongwa vizuri, limepakwa rangi nyekundu. Ninajua kulisoma jina hilo. Naliona kwenye mkataba wangu wa nyumba. Lilikuwa jina lake.

Baba, ndoo iliniponyoka. Nilidhani watoto wake wamemfanyia ulichonifanyia wewe. Nilipaza sauti pale makaburini, mbele ya watu na maua yao: "Ni nani aliyekuandika hivi?"

Akanijibu, "Mimi mwenyewe. Nililipia na herufi zangu, kwa sababu fundi alikuwa hapa na nyundo yake."

Akakaa kwenye ukingo, akanieleza polepole, kama anavyonieleza mambo ya taka. Mume anapokufa, jina la mke huchongwa pamoja na lake, ili wasitenganishwe. Lakini mke yu hai, kwa hiyo jina lake hutiwa rangi nyekundu. Kila apitaye hujua kwamba huyu hajafika, na kwamba nafasi yake imewekwa. Siku atakapofika, rangi itaondolewa. Ana miaka kumi na minne akija kujiosha jina.

Nikamwambia, "Lakini uliniambia jina jekundu ni kukatana."

"Kwenye karatasi," akasema. "Karatasi inaandikwa siku moja na hasira moja. Jiwe ni jambo jingine. Hakuna anayelipa fundi achonge jina la mtu asiyemngoja."

Kisha akaniuliza kama wewe ni mtu mwenye hasira. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ulikuwa na hasira hivi kabla ya mama yangu kufa. Nikataka kusema ndiyo. Nikafikiri. Ulikuwa mkali, Baba. Ulinichapa kwa sababu ya kalamu iliyopotea. Lakini hukuwahi kuniambia nisije nyumbani. Hata nilipoacha chuo na kukimbilia huku, uliniandikia, "Umekosea, na chakula chako kiko mezani." Huyu anayeniandikia tangu Januari simjui.

Bibi Tanabe akasema, "Mtu aliyekasirika hukuita aje akugombeze uso kwa uso. Anayekufukuza anaficha kitu." Sijui kama ni kweli. Anazeeka.

Nitakuja tarehe 17. Funga mlango ukitaka. Nitakaa kwa Nabangala.

Akech


Banda, Kampala
22 Septemba 2025

Akech, binti yangu,

Barua yako sijaisahihisha.

Ninaandika mambo haya mara moja, kwa hiyo usiniombe niyarudie kwa simu.

Mama yako hakufariki tarehe 22 Januari. Alifariki Alhamisi, tarehe 16, saa nne asubuhi, hospitalini, hapa Kampala. Alikuwa ameugua kwa siku kumi na moja. Wewe ulikuwa na mtihani tarehe 26. Niliwakataza Obonyo na Ajwang kukuambia lolote. Niliwaambia, "Mtoto asisumbuliwe. Amesoma miaka mitatu kwa lugha isiyo yake. Akifeli, hatapata nafasi nyingine." Wao walinitii kwa sababu nimewafundisha kutii. Nilipanga kukuambia Jumapili jioni, ukishatoka katika chumba cha mtihani. Jumatano Ajwang aliniwekea simu mkononi, akasema, "Baba, usipopiga wewe, napiga mimi, na nitamwambia yote." Nikapiga, nikakuambia uongo wa siku sita.

Uliniuliza kwa nini tulizika baada ya siku tatu. Hatukuzika baada ya siku tatu. Tulizika baada ya siku tisa. Ungeweza kufika na ukabaki na siku za kulia.

Kuna jambo lingine, na hili hata Ajwang halijui. Siku ya tisa ya ugonjwa mama yako aliniuliza, "Akech amefika?" Nikamwambia, "Ana mtihani."  Akasema, "Mtihani hurudiwa, Mwalimu." Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo hadi mwisho. Katika miaka arobaini na mmoja, hiyo ndiyo mara ya pekee aliponisahihisha, na nilikataa sahihisho.

Sasa unajua kwa nini sikukutumia maneno ya jiwe. Tarehe ya kweli iko pale. Maimunah aliniuliza mara mbili kama ni 16 kweli, na mbele ya jiwe la mke wangu sikuweza kuandika uongo. Kwa hiyo nilihitaji usije. Na mtu hawezi kumwambia mwanawe asije bila kumtafutia kosa. Nikakutafutia. Lilikuwa kosa langu, nikalibandika jina lako.

Jumamosi nilikwenda Nateete. Nilimwambia Emile aongeze jina la tatu. Hakuuliza, akachukua patasi. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipofika kwenye rangi, majina mawili yakiwa meusi, nikamwambia hili alipake nyekundu. Akaweka brashi chini.

"Mwalimu, huyu binti yeye alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Sasa sababu gani yeye peke yake rangi ya damu? Watu watacheka kazi yangu. Watasema Emile alikosa rangi."

Nikamwambia, "Fundi, yu hai, yuko mbali, na anangojewa. Watakaocheka waje kwangu."

Akaguna mguno wake mrefu. Lakini alilipaka vizuri, na kingo zake zimenyooka.

Mwambie Bibi Tanabe kwamba alikuwa sahihi juu ya kuficha. Mwambie pia kwamba hakuwa na haki ya kuchukua kalamu yako. Ulikuwa na sababu ya kuniandikia kwa wino huo.

Usidhani ninakuomba uniandikie kwamba umenisamehe. Sitaki barua ya namna hiyo, nitaikuta na makosa. Njoo tarehe 17. Hutakaa kwa Nabangala. Njoo na hasira yako yote, usiiache hata kidogo uwanja wa ndege, uniambie uso kwa uso yote unayotaka kuniambia, nami nitakaa kimya hadi umalize. Kisha tutakwenda Ugunja.

Emile amenipa kopo dogo la rangi nyeusi na brashi ya nywele laini. Nimeviweka juu ya kabati la mama yako. Obonyo alitaka kulifungua aone kama haijakauka. Nimemkataza. Siku ya tarehe 20, kabla watu hawajafika, utapiga magoti mbele ya jiwe na kulipaka jina lako mwenyewe. Hakuna mkono mwingine utakaoligusa kopo hilo.

Hadi hapo, wewe ni mwekundu.

Baba yako,
Ondiek